Tupeane uzoefu: Umewahi kukuta kitu gani cha michezo ya zamani, na stori yake ni ipi?

Wakuu, heshima kwenu. Nyumba nyingi zina sanduku lisilofunguliwa tangu mzee afariki, na humo ndimo tiketi, beji na kadi za klabu zinakoozea. Bei si hoja hapa, shusheni stori. Naanza mimi.

Tulipogawana vitu vya babu, watu waligombea redio na baiskeli. Mimi nikabeba daftari la mkopo la duka lake. Babu alikuwa Msimbazi damu, yaani shabiki wa Simba. Katikati ya "sukari kilo 2" na "mafuta ya taa chupa 1" alikuwa anachomeka matokeo ya mechi alizosikiliza redioni. Ukurasa mmoja wa 1979 una mstari mmoja tu: Mufulira 4, Simba 0. Siku hiyo hakuna hata mteja aliyeandikwa. Kurasa chache mbele kuna wino mwekundu, kalamu imekandamizwa mpaka karatasi ikatoboka: Simba 5, Mufulira 0. Kwa vijana msiojua, tulipigwa nne hapa Dar, tukawafuata Zambia tukarudisha tano na kusonga mbele. Chini ya matokeo hayo kuna madeni yamekatwa kwa mstari. Bibi anasema hakuna aliyelipa, babu alisamehe usiku uleule. Na mmoja wa waliosamehewa alikuwa Yanga!

Mzaramo Halisi: Hiyo kali. Sisi tulikuta kadi ya uanachama kwenye koti la marehemu, imeandikwa Sunderland. Ukoo mzima ukaamini mzee aliwahi kuishi Uingereza, shangazi akaanza kuulizia mirathi ya huko. Kumbe Simba ndiyo ilikuwa inaitwa hivyo mpaka 1971. Mzee mwenyewe Chalinze tu alikuwa anaiona mbali.

Mwana Jangwani: Daftari zuri, mtani. Mbona karatasi ya 1993 hamuileti? Fainali ya Kombe la CAF, nyie Simba na Stella Abidjan ya Ivory Coast, sare kwao, halafu mkapigwa mbili bila hapahapa Dar. Shemeji yangu anayo tiketi ya siku ile, kaifungia kabatini na hataki kuulizwa.

Mwanzisha uzi: Mtani umeanza 😂 Mwambie tu asiipeleke kulaminishwa. Ikishabanwa na plastiki ya moto haitoki tena. Bahasha ya karatasi, sehemu kavu, basi.

Fundi wa Nakuru: Huku kwetu ni magari. Mjomba alikuwa na gereji, na dirisha la choo chake lilizibwa na bamba la chuma. Nikalipangusa grisi: East African Safari Rally. Mwaka umeliwa na kutu, lakini jina linasaidia. Mbio zilianza 1953 zikiitwa Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Kuanzia 1960 zikawa East African Safari, na 1974 zikabaki Safari Rally tu. Kwa hiyo bamba langu ni la katikati hapo. Mjomba huapa kwamba alilipewa mkononi na Joginder Singh, yule aliyeshinda 1965 na Volvo. Mamangu anasema aliliokota mtaroni. Nimelitundika sebuleni, na kila mgeni namsimulia ya mjomba.

Muuza Mtumba Ilala: Jezi za zamani za Ulaya tunazikuta sana kwenye belo, ila tapeli naye yumo. Mimi huwa natazama lebo ndogo ya ndani kama ina namba ya bidhaa, halafu naitafuta mtandaoni. Ikiniletea picha ya viatu, hiyo ni feki, naiuza bei ya fulana. Nyingine imeshonwa jina la mtoto kwa uzi wa mkono kwenye kola, na hizo wateja huniomba nilifumue. Mimi nawaambia wakafumue wenyewe.

Mzaramo Halisi: Mkuu, una yoyote ya Sunderland? Shangazi bado hajakubali.