Ushauri wa haraka: nimepata uhusika wa bibi kwenye tamthilia, kambi ipo Dar na mimi nipo Dodoma

ZabibuNyeupe
Habari za jioni wakuu. Jumatatu natakiwa nitoe jibu na usiku silali. Nina miaka 38, naishi hapa Dodoma mjini, nimekuwa nikiigiza matangazo ya afya na michezo ya redio. Sasa nimechaguliwa kwenye tamthilia ya televisheni: episodi 104, siku 3 za kurekodi kila wiki, wiki 26. Uhusika ni bibi wa Kigogo wa miaka 65, mama mkwe mwenye ulimi mkali. Si mhusika mkuu, ila anaonekana karibu kila episodi. Swali langu ni moja tu: nikianza na bibi, si nitabaki bibi maisha yangu yote? Nawasilisha.

MezaYaVipodozi
Hongera dada. Kutoka 38 kwenda 65 kunawezekana, ila usikubali wakupake unga au poda nyeupe kichwani. Kamera za sasa zinaona kila chembe, utaonekana umetoka mashine ya kusaga. Mvi zinapakwa kwa mswaki, rangi ya krimu iliyopauka, kuanzia kwenye panja. Mikunjo: ngozi inavutwa, inapakwa mpira wa maji (liquid latex) tabaka jembamba, inakaushwa, inapigwa poda, ndipo inaachiwa. Jaribu kwanza kidogo ndani ya mkono siku moja kabla, wapo wanaoota vipele. Kivuli cha mashavuni kiwe kahawia yenye wekundu. Kijivu kwenye ngozi yetu kinaleta sura ya maiti. Na wengi wanasahau shingo na mikono: uso wa bibi, vidole vya msichana, mtazamaji anashtuka hata kama hajui kwa nini. Tenga saa nzima kila asubuhi kabla ya sini ya kwanza.

JukwaaLaChini
Nijibu swali lenyewe. Kubaki na uhusika wa aina moja si laana. Fatuma Makongoro nchi nzima inamwita Bi Mwenda tangu enzi za kikundi cha maigizo cha Kaole pale ITV; jina la uhusika limemeza jina la kuzaliwa, na ndilo lililomjengea heshima. Tukitoka nje, Margo Martindale wa Marekani, mzaliwa wa 1951, miaka mingi alicheza majirani, mama na wauguzi, akachukua Emmy, tuzo kubwa ya televisheni kule, ya mwigizaji msaidizi 2011, akiwa na miaka 60. Wahusika wa pembeni wanadumu kwa sababu kila hadithi inahitaji shangazi, jirani na mama mkwe, wakati mrembo wa mwaka huu anapokewa na mrembo wa mwakani.

Ninachokuomba ni kimoja: usikubali bibi wa Kigogo awe kituko cha lafudhi. Kama skripti inamfanya atoe salamu ya "mbukwenyi" kila anapoingia ili watu wacheke, kaa na mwandishi. Bibi wa Bahi au Chamwino ana akili, ana hesabu za mifugo na zamu za kisima kichwani. Mpe hayo.

ReliMpya
Mfano wa Marekani usituchanganye. Wale wana chama: mgomo wa waigizaji wa 1960 uliwapatia malipo ya marudio ya filamu, pamoja na mfuko wa pensheni na matibabu. Huku kwetu kipindi kinarudiwa mara tano na aliyeigiza hapati kitu kama mkataba haukusema. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mwigizaji, lakini ukishasaini kwamba umeuza haki zote, umeuza. Dada, umesaini?

ZabibuNyeupe
Mkataba bado tunaujadili. Naomba turudi kwenye swali la uhusika.

HesabuKwanza
Hatuwezi kurudi. Unalipwa kwa siku au kwa episodi? Mhusika akiuawa episodi ya 20, wanakulipa ngapi? Nauli na malazi ya nani?

ZabibuNyeupe
40,000 kwa episodi. Kipengele cha saba kinasema malipo ni kwa episodi niliyoonekana tu. Nauli na malazi juu yangu. Najua si nyingi, ila jina linajengwa taratibu, na nafasi kama hii haiji Dodoma mara mbili.

HesabuKwanza
Basi tupige hesabu. Episodi 104 kwa wiki 26 ni 4 kwa wiki, yaani 160,000. Kodi ya zuio 5% ni 8,000. Treni ya SGR daraja la kawaida 31,000 kwenda na 31,000 kurudi: 62,000. Kulala usiku 2, hata kwa 20,000, ni 40,000. Unabakiwa na 50,000 kwa wiki kabla hujala. Mara 26 ni 1,300,000 kwa miezi sita. Na hapo ni kama unaonekana kila episodi.

Omba mambo matatu: kima cha chini cha episodi 80 hata mhusika akifa; nauli na chumba juu yao; na marudio au kuuzwa kwenye intaneti kuwe na malipo yake. Wakikataa yote, omba angalau nauli.

MamaMchungaji_Kisasa
Pamoja na fedha, mtu aangalie nyumba yake. Siku tatu kila wiki nje, watoto na mzee wa nyumba wanabaki na nani? Umaarufu unakuja na kuondoka.

ReliMpya
Mama, hilo wataongea nyumbani kwao. Mimi linanisumbua jingine. Siku tatu kila wiki kwa miezi sita, na jibu ni Jumatatu. Zabibu, sasa hivi unafanya kazi gani?

ZabibuNyeupe
Mwalimu wa serikali. Shule ya msingi.

ReliMpya
Na umeombaje ruhusa?

ZabibuNyeupe
Sijaomba. Nimeandika barua ya kuacha kazi. Ijumaa mchana nimempa mkuu wa shule. Msinihukumu, miaka 14 na miezi 4 nimeshika chaki, sanaa ndiyo wito wangu.

Kizingiti
Wakuu, tunadanganywa. Mwanzo alikuja kuomba ushauri, sasa barua imeshatoka. Mkataba "unajadiliwa" lakini anataja kipengele cha saba. Na episodi 4 kwa siku 3 ni ndoto. Huyu ni mwandishi anatafuta skripti ya bure.

JukwaaLaChini
Kwa hesabu za kambini inawezekana. Episodi ya dakika 24 ina sini kama 12. Mhusika wa pembeni anakuwa na 3, hivyo wiki nzima ni sini 12, nne kwa siku. Zinarekodiwa kwa eneo: sini zote za sebuleni za episodi 4 zinapigwa siku moja bila kufuata mpangilio wa hadithi. Ndiyo maana kila mwigizaji makini ana daftari: namba ya sini, khanga ipi, kikombe mkono upi.

Kizingiti
Basi aeleze walivyomjaribu. Mtunzi hatajua.

ZabibuNyeupe
Walinipa kurasa mbili, dakika 20 za kusoma. Nikasimama kwenye alama ya utepe sakafuni. Wakanivalisha maiki ya kola, khanga ikawa inaikwaruza, fundi sauti akasimamisha mara mbili, akaihamishia kifuani chini ya blauzi na kuibana kwa utepe. Kisha nikaambiwa nirudie maneno yaleyale bila kunyanyua sauti, hasira ibaki machoni. Hapo ndipo waliponichagua. Sina sababu ya kuwatungia uongo.

Kizingiti
Sawa. Nimeelewa, samahani dada.

HesabuKwanza
Tuache hayo, barua ndiyo inaungua. Miaka 14 na miezi 4 ni miezi 172 ya michango PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma. Pensheni ya kila mwezi inahitaji isiyopungua 180. Umebakiza minane! Na anayeacha kazi kwa hiari hapati fao la kukosa ajira. Barua imefika kwa Mkurugenzi wa halmashauri?

ZabibuNyeupe
Ipo mezani kwa mkuu wa shule. Alisema ataipeleka Jumatatu. Miezi minane... sikuwahi kuhesabu hivyo. Ila nikiirudisha, nitawaambia nini watu wa tamthilia?

JukwaaLaChini
Waambie ukweli kabla hujasaini. Uhusika wako uko ndani ya nyumba moja, sini zake zinaweza kukusanywa Ijumaa jioni hadi Jumapili, na nyingine zikabanwa kwenye likizo za shule za Juni na Desemba. Mzalishaji anayekutaka kweli atapanga upya ratiba. Asiyeweza, bora ujue sasa.

ReliMpya
Na hata kwa wikendi, mtumishi wa umma anahitaji kibali cha mwajiri kufanya kazi nyingine ya malipo. Usiruke hilo, ndilo litakalokufukuzisha kazi ukishaonekana kwenye televisheni.

ZabibuNyeupe
Nimempigia mkuu wa shule sasa hivi. Barua bado ipo kwenye droo, amesema niifuate kesho saa 12:30 asubuhi kabla ya paredi. Kibali naandika kwa nani?

ReliMpya
Kwa Mkurugenzi, kupitia mkuu wa shule na afisa elimu. Taja siku, saa na tarehe ya mwisho ya kurekodi, eleza kwamba hakuna kipindi cha darasani kitakachoguswa. Baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Kama ni lazima uondoke siku za kazi, omba likizo bila malipo, lakini kwanza ulizia michango yako itakuwaje kwa miezi hiyo.

MezaYaVipodozi
Na ule mpira wa maji, ujaribu leo usiku.