Naomba ushauri: "ghoul" tumwite nani kwa Kiswahili?

Wadau, niko Majengo, Mombasa. Nawatafsiria wapwa zangu majina ya viumbe wa NetHack, ule mchezo wa kompyuta wa mwaka 1987 wa kushuka mashimoni. Jini hakunisumbua, hutoka kwenye chupa inayofuka moshi, kama hadithi za bibi. Kobold nimemwacha vilevile: ni pepo wa migodini wa Wajerumani, na madini ya kobalti yaliitwa kwa jina lake. Kinachonikwamisha ni ghoul, yule kiumbe wa makaburini anayekula maiti. Asili ni Kiarabu, ghul, mwenye kujigeuza sura na kupoteza wasafiri jangwani. Nikaandika "zimwi", bibi akakataa kabisa: zimwi hula watu walio hai, halifukui makaburi! (Na huyu wa mchezoni hata akikujua anakumaliza.) Niandike "ghuli", au "mla maiti"? Wajuzi wa Kimvita, nisaidieni.