Tupeane uzoefu: maisha ya nyumbani baada ya kubadilishiwa nyonga

Binti Msambweni

Habari zenu wakuu. Mama yangu mzazi alibadilishiwa nyonga ya kulia mwaka juzi, MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Sasa dada yake, mama mkubwa wa Tanga, naye amepangiwa tarehe, na ukoo mzima unanipigia simu mimi. Ninachokijua ni cha mgonjwa mmoja na nyumba moja, ndiyo maana nafungua uzi huu. Mambo ya chumba cha upasuaji madaktari huyaeleza vizuri. Ya choo, kitanda, jiko na usiku tunayakuta wenyewe tukishafika nyumbani, na mimi naamini humo ndimo mgonjwa anamopona au anamoharibikiwa. Aliyepasuliwa aseme, aliyeuguza aseme.

Naanza. Nyonga ya mama ilikuwa imesagika, amekaa na maumivu miaka. Alichomwa ganzi ya mgongo, na kesho yake asubuhi watu wa mazoezi tiba wakamsimamisha kwa woka, kile kifremu cha chuma cha miguu minne. Shangazi zangu waliokuja kumwona walikasirika kweli: mtu kapasuliwa jana, leo mnamtembeza? Lakini ndivyo inavyotakiwa. Kulala tu kunafanya damu igande kwenye mishipa ya mguu, na bonge likipanda hadi kwenye mapafu linaua. Ndiyo maana pia alirudi nyumbani na dawa ya kuzuia damu kuganda, ya kama mwezi, na akaambiwa achezeshe vifundo vya miguu juu na chini kila akiwa macho.

Hapo ndipo ulipozuka ubishi wa kukanda. Mguu ulivimba, na damu iliyovilia ikashuka kutoka pajani hadi karibu na kifundo, ngozi ikawa ya zambarau. Majirani wakaja na beseni la maji ya moto na taulo, kwa mapenzi kabisa. Daktari alikuwa ameshatukataza: kidonda hakikandwi, na shavu la mguu halisuguliwi. Uvimbe wa aina ile ni kawaida, unaweza kukaa miezi. Dawa yake ni kulala na mguu umeinuliwa, kutembea kidogo kidogo, na barafu iliyofungwa kwenye kanga. Nilimwomba bibi mmoja anayeheshimika mtaani asimame nami, maana mimi mtoto wasingenisikia.

Sasa nyumba. Mama alipasuliwa kwa nyuma, na masharti yake yalikuwa matatu, kwa wiki 12: asikunje nyonga kupita nyuzi 90, asipandanishe miguu, asigeuze unyayo kwa ndani. Nyonga bandia ni kichwa cha duara kinachocheza ndani ya kikombe. Kinachokizuia kisichomoke ni misuli na utando mgumu unaozunguka kiungo, na hivyo ndivyo vilivyokatwa ili daktari apite. Kabla havijashikana, mtu akichuchumaa kichwa kinaweza kutoka. Basi hesabu vitu vya kwetu vinavyotumika chini: mkeka, kigoda, mbuzi ya kukunia nazi, beseni la kufulia, jiko la mkaa, choo cha kuchuchumaa. Vyote ni marufuku.

Choo ndicho kilichonisumbua zaidi. Fundi seremala alikuja kabla mama hajalazwa, akapima kwa futi kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti lake, akaongeza upana wa vidole vinne. Akatengeneza kiti chenye tundu la kukaa juu ya shimo, miguu ya kiti akaitanua kwa nje, na chini ya kila mguu akapigilia kipande cha tairi la gari ili kisiteleze kwenye saruji yenye maji. Pembeni ukutani akafunga bomba la kushikia. Kitanda tukakiinua kwa magogo, mikeka yote ya sebuleni ikakunjwa ili woka isinase. Haya yafanyeni mgonjwa akiwa bado hajaenda hospitali, kwa sababu akirudi hakuna muda wa kusubiri fundi.

Jiwe la Pwani

Dada asante kwa uzi. Mimi ni mwanaume, sijafika miaka 35, na nina selimundu. Wengi wakisikia nyonga wanafikiria wazee, lakini sisi wa selimundu kichwa cha mfupa wa paja hufa kwa kukosa damu hata ukiwa kijana. Wanaotumia dawa za steroidi muda mrefu na walevi wa kupindukia pia huwapata.

Kwa mwenye hali yangu: hakikisha daktari wa damu na wa mifupa wanazungumza kabla ya siku yenyewe. Mimi niliongezewa damu kwanza, na ndugu walitakiwa kuchangia, kwa hiyo waandaeni mapema. Baada ya upasuaji nilifunikwa blanketi, nikapewa maji mengi, kwa sababu baridi na ukavu vinaamsha maumivu yetu. Jifunze kutofautisha: maumivu ya kidonda yanakaa pale pale na yanapungua siku hadi siku. Yakianza mgongoni, kifuani au mikononi, mwite nesi.

Kilichonichosha ni kuchechemea. Maumivu ya zamani yaliisha mapema kiasi kwamba nilishangaa, ila misuli ya ubavuni mwa nyonga ilikuwa imelegea kwa miaka, na hiyo huirudishi kwa wiki mbili. Zoezi lililonisaidia: simama wima ushike meza nzito, peleka mguu pembeni taratibu bila kuinamisha kiwiliwili, urudishe. Asubuhi na jioni. Vilevile nilihisi mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Niliambiwa mara nyingi ni misuli iliyozoea kupinda, na kwangu ilikaa sawa baadaye. Ikiendelea, mwambie daktari apime.

Vijana huuliza kiungo bandia kitadumu muda gani. Upasuaji huu kwa namna ya kisasa ulianzishwa na John Charnley kule Wrightington, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa hiyo rekodi zipo za kutosha. Takwimu za nchi kadhaa zilizochapishwa 2019 zilionyesha kuwa kama nyonga 58 kati ya 100 zilifika miaka 25 bila kubadilishwa. Mimi nimejiandaa kwamba huenda nikarudi tena, na bado naona nilifanya jambo sahihi.

Mama Wawili

Kwangu mimi ni usingizi. Kulala chali wiki nyingi, mto katikati ya miguu, na umezoea ubavu! Saa nane za usiku nilikuwa nalia. Mume wangu alikuwa akiniamsha nitembee hadi mlangoni na kurudi, kisha nalala tena. Pia dawa za maumivu kali zinafunga choo. Ombeni dawa ya kulainisha kabla hamjaruhusiwa, na mgonjwa anywe maji na ale papai tangu siku ya kwanza.

Mjukuu wa Nyeri

Naandika kutoka Kenya. Guka wetu, yaani babu, alianguka bafuni, shingo ya paja ikavunjika. Yeye aliwekewa nusu, yaani kichwa pekee, kikombe chake cha asili kikaachwa. Nataka kusema jambo ambalo hakuna aliyetuambia.

Usiku wa pili baada ya operesheni alianza kuita watu waliokufa kitambo. Akang'oa dripu, akataka kwenda kukamua ng'ombe. Mchana ametulia, usiku unarudia. Nyumbani wakaanza kusema amerogwa, wengine wakaleta wa kuombea. Daktari mmoja kijana ndiye alituketisha akatueleza kuwa wazee wengi waliovunjika nyonga huchanganyikiwa hivyo baada ya upasuaji, na chanzo hutafutwa mwilini: maumivu, maambukizi ya mkojo, upungufu wa maji, dawa, kukosa usingizi. Wakampima wakakuta mkojo una shida, wakatibu. Sisi tukamletea miwani yake, tukamwekea saa ukutani, na kila usiku akalala na mtu anayemjua sauti. Akarudi kuwa Guka, polepole.

Tafadhali, mkiona hivyo msimfunge kamba wala kumkaripia. Na msimwache peke yake, maana anaweza kuinuka akaanguka tena.

Fizio wa Moro

Nafanya kazi ya mazoezi tiba, na nafurahi mno kuona habari ya kiti cha choo imeanza. Nawatuma watu nyumbani kila wiki nikijua wanakwenda kuchuchumaa.

Fimbo ishikwe mkono wa upande mzima, si upande uliopasuliwa. Karibu kila mgonjwa hukosea hapo. Kwenye ngazi: kupanda, mguu mzima unatangulia, kushuka, fimbo na mguu uliopasuliwa vinatangulia. Kwenye kiti, usiinamishe kifua mbele ili uinuke. Sogea ukingoni, mguu uliopasuliwa unyooshe mbele, jisukume kwa mikono. Bodaboda na daladala sahau kwa sasa. Gari dogo, kiti kirudishwe nyuma, wekeni mto juu ya kiti kikiwa chini sana, kaa kwanza kisha ingiza miguu yote kwa pamoja. Kiatu cha kufunga kamba avalishwe na mtu. Nyuzi au pini hutolewa kati ya siku 10 na 14, na hadi hapo kidonda kikae kikavu.

Sasa ya hatari, msisubiri asubuhi. Maumivu makali ya ghafla, mguu umekuwa mfupi au umegeuka na hawezi kusimama: nyonga imechomoka. Msivute, msimpeleke kwa mtu wa kunyoosha mifupa, apelekwe hospitali akiwa amelala. Shavu la mguu kuuma na kukaza upande mmoja, au pumzi kukata ghafla na kifua kuchoma: hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda. Kidonda kutoa majimaji au usaha, homa, wekundu unaosambaa: rudini kwa aliyempasua, msinunue antibayotiki duka la dawa. Dawa hiyo inaweza kuficha maambukizi yaliyoshika chuma, na kuyatoa huko ni kazi kubwa.

Umm Salim, Maskati

Assalaam alaykum. Mimi nilipasuliwa kwa mbele, na masharti yangu yalikuwa tofauti na ya mama yako: nilikatazwa kupeleka mguu nyuma sana na kuugeuza kwa nje. Kwa hiyo kila mtu amuulize daktari wake alipita wapi na masharti yake ni yapi, asichukue ya jirani.

Kuhusu swala, nilisali kwenye kiti, rukuu na sujudu kwa ishara, sujudu nikiinama zaidi kidogo kuliko rukuu, bila kupita kiwango cha daktari. Mwanzo moyo uliniuma kutogusa ardhi kwa paji la uso. Sheikh wetu alinituliza kwamba mgonjwa anasali kwa namna anavyoweza. Anayesafiri kwa ndege baadaye, mashine ya uwanjani inaweza kulia, mwambie askari mapema.

Kibosho Moja

Naomba kuuliza bila aibu, maana mke wangu anaona haya kumuuliza daktari. Tendo la ndoa lini?

Fizio wa Moro

Swali zuri, na watu huondoka wodini bila kuliuliza. Kwa wengi ni kuanzia wiki ya 6 hadi ya 8, kidonda kikiwa kimepona na yeye mwenyewe akiwa tayari. Alale chali, masharti ya nyonga yakifuatwa, asiwekewe uzito mguuni. Akisikia maumivu, acheni.

Binti Msambweni

Nimesoma kila neno, nimeshayatuma Tanga. Mama mkubwa ameniachia swali moja, na ndilo linalomnyima raha: ana shamba la mihogo Muheza. Atashika jembe tena?

Fizio wa Moro

Mwambie kutembea hadi shambani kwake ataweza, nasi tutamfurahia. Jembe la mkono lenye mpini mfupi, kuinama mchana kutwa na kubeba gunia kichwani, hapana, hata mwaka ukipita, maana nyonga italegea mapema. Baada ya miezi mitatu, daktari akishaona eksirei na kuridhika, apalilie kwa mpini mrefu akiwa amesimama wima, saa moja, apumzike. Kumenya mihogo afanyie mezani. Kung'oa awaachie wajukuu.

Jiwe la Pwani

Na mama mkubwa akifika Dar kwa kliniki, nina woka ndani haina kazi. Njoo uichukue.