Hospisi zitangaziwe alama za ubora hadharani? Tujadili

Mtoa Mada

Wadau, naleta hoja mezani. Kuna wanaotaka kila anayetoa huduma ya hospisi, yaani huduma ya kumtunza na kumtuliza mgonjwa aliyekaribia mwisho wa maisha, awe analaza wagonjwa au anawafuata nyumbani, apimwe na alama zake ziwekwe wazi ili familia ichague huku ikijua inachagua nini. Wanaopinga wanasema mgonjwa aliyebakiza wiki mbili hana muda wa kulinganisha majedwali, na kwamba hospisi zitaanza kuhudumia alama badala ya mgonjwa.

Naunga mkono kutangaza, ila tukubaliane kwanza tunapima nini. Vipeperushi vyote vinaahidi utu na faraja. Sijaona kinachoahidi kwamba dawa ya maumivu itafika saa nane za usiku. Napendekeza kipimo kikuu kiwe muda unaopita tangu mgonjwa alalamike hadi apate nafuu iliyoandikwa kwenye faili. Muda wa kupokea simu usihesabiwe kabisa, maana simu ikipokewa haijamtuliza mtu. Karibuni.

Sista wa Zamu

Umegusa penyewe, ila hiyo "nafuu iliyoandikwa" ifafanuliwe, kwa sababu hapo ndipo pa kuchezea. Faili la kuaminika lina alama ya maumivu kabla ya dawa, 0 hadi 10. Lina dawa, kipimo na saa. Lina alama baada ya dawa. Kisha lina hatua iliyochukuliwa ikiwa alama haikushuka. Morfini ya kunywa, ile dawa ya maumivu makali, inafuatiliwa baada ya nusu saa hadi saa moja. Ukikuta 7 asubuhi, 7 mchana, 7 jioni, na safu ya hatua iko tupu, hapo kuna uandishi tu, tiba haipo.

Chukua mfano ambao mkaguzi anaweza kuusoma akiwa amekaa mezani. Mgonjwa anakunywa morfini miligramu 10 kila baada ya saa 4, yaani 60 kwa siku. Dozi yake ya nyongeza, ya maumivu yanayochomoza katikati, ni sehemu ya sita ya hiyo 60, kwa hiyo ni 10. Jana alihitaji nyongeza nne, jumla ikafika 100. Leo dozi ya kawaida ilipaswa kupanda hadi 15 kila saa 4, na nyongeza nayo iwe 15, isipokuwa kuna sababu iliyoandikwa: figo dhaifu, usingizi mzito, au maumivu yanayotokea pale tu anapogeuzwa kitandani. Ukikuta siku ya tatu bado ni 10 na nyongeza bado nne, mgonjwa ameachwa kwenye maumivu ambayo kila aliyesaini ile karatasi aliyaona.

Na chanzo mara nyingi si ukatili. Muuguzi haruhusiwi kubadili dozi, daktari anapita siku mbili kwa wiki, na katikati hakuna wa kupigiwa. Kipimo hicho kinaanika mpangilio wa kazi zaidi ya roho ya muuguzi.

Kisha kuna wasioweza kusema. Mgonjwa aliyepoteza kumbukumbu hatakupa namba. Kipimo cha PAINAD kinaangalia mambo matano: upumuaji, sauti anazotoa, sura, mwili, na kama anatulizika akiguswa au akisemeshwa. Kila moja hupewa 0 hadi 2, jumla 10. Hospisi inayomwandikia mgonjwa wa namna hii "hana maumivu" bila kupima chochote imeandika tu kwamba hakulalamika.

Mfamasia Stoo Wazi

Sista umemaliza upande wa karatasi ya dawa, acha niseme ya stoo. Swali la kwanza kwa hospisi yoyote: katika miezi 12 iliyopita, ni siku ngapi morfini haikuwepo? Jibu likiwa "huwa haikosekani", omba daftari la dawa zinazodhibitiwa. Salio la kila ukurasa lilingane na chupa zilizopo, saini ziwe mbili, na kuwe na maandishi ya dawa iliyobaki baada ya mgonjwa kufariki: kiasi gani, kilirudishwa au kiliharibiwa, mbele ya nani. Nyumba nyingi hubaki na nusu chupa kabatini na hakuna anayeuliza.

La pili ni choo. Kila anayeanza morfini aanze na dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo, sena au bisakodili, isipokuwa anaharisha au utumbo umeziba. Mwili huzoea kichefuchefu na usingizi wa morfini baada ya siku chache, lakini choo kigumu hauzoei kamwe. Mgonjwa aliyekaa siku tano bila choo anavimba tumbo, anatapika, anaanza kuweweseka, na mwishowe anaikataa morfini yenyewe. Familia inasema dawa ni kali, kumbe aliyeandika cheti aliacha mstari mmoja. Kiashiria hiki ni rahisi kuliko vyote: hesabu vyeti vya morfini, hesabu vilivyo na ya choo.

La tatu ni boksi la tahadhari linaloachwa nyumbani mgonjwa anapokaribia mwisho. Kwa kawaida lina dawa nne za sindano: morfini kwa maumivu na pumzi, midazolamu kwa mahangaiko, haloperidoli kwa kichefuchefu na kuweweseka, na hayosini butilibromaidi kwa ule mkoromo wa makohozi. Hospisi itakwambia boksi lipo. Lifungue. Je, sindano na maji ya kuchanganyia yamo? Maelekezo yamesainiwa, yakitaja dozi, muda wa kusubiri kabla ya kurudia na kiwango cha juu kwa saa 24? Boksi lisilo na maelekezo yaliyosainiwa ni pambo tu, muuguzi wa usiku hawezi kuligusa. Na huo mkoromo hausubiri: hayosini huzuia makohozi mapya, yaliyokwisha kujaa haiyaondoi. Ikichelewa kwa muda wa saa nne, kilichobaki ni kumlaza mgonjwa ubavu na kuwaeleza ndugu kwamba mwenyewe huenda haumii kama sauti inavyowatisha.

Nimalizie na pampu ya sindano, kifaa kinachosukuma dawa kidogokidogo chini ya ngozi mchana na usiku. Morfini ikihama kutoka kinywani kwenda chini ya ngozi, jumla ya siku inagawanywa kwa mbili: 60 ya kunywa inakuwa 30 kwa saa 24. Anayesahau kugawanya amempa mgonjwa dozi maradufu. Pampu ikaguliwe kila saa 4 katika wodi: imesogea kiasi gani, ngozi pale sindano ilipoingia imekuwa nyekundu au imevimba, mchanganyiko umekuwa na mawingu au chembechembe. Kama karatasi ya ukaguzi ina saa zote zenye mwandiko mmoja, wino mmoja na dakika zilezile, ilijazwa kwa mkupuo mmoja asubuhi.

Hesabu Haina Huruma

Nawaheshimu wakuu, ila mnachoeleza ni ukaguzi mzuri. Mada ni alama za hadharani, na hapo nakataa.

Kwanza, idadi ni ndogo. Hospisi yenye vifo 40 kwa mwaka, familia 20 zikijibu dodoso na 18 zikaridhika, itaandikiwa asilimia 90. Ukipiga hesabu ya takwimu, ukweli wake unaweza kuwa popote kati ya asilimia 68 na 99. Jirani yake mwenye asilimia 80 huenda ni bora kuliko yeye. Marekani, ambako nyota za hospisi zilianza kutangazwa mwaka 2022 kutokana na dodoso la familia, hospisi isiyofikisha majibu 75 haipewi nyota kabisa. Maana yake wadogo hawaonekani, na wadogo ndio wengi katika maeneo ya mbali.

Pili, chochote kinachohesabiwa kinachezewa. Kipimo kimoja cha hukohuko kinauliza kama muuguzi aliyesajiliwa au afisa ustawi alimfikia mgonjwa katika siku mbili kati ya tatu za mwisho. Wazo ni zuri, lakini ziara ya dakika tano ya kupima presha mtu anayekata roho inahesabika sawa na saa mbili za kumgeuza, kumsafisha kinywa na kumfundisha binti yake kutoa dawa.

Tatu, na hili ndilo kubwa: kuchagua wagonjwa. Anayepokea watu waliobakiza siku mbili, wametoka hospitali wakiwa wamevurugika, atakuwa na alama mbaya za maumivu. Anayepokea wazee watulivu wa kukaa miezi atang'aa. Pale malipo yanapotolewa kwa siku, kama ilivyo Marekani, huyo wa pili anang'aa na kutajirika kwa pamoja.

Mtoa Mada

Hesabu, hoja ya kuchagua wagonjwa ina dawa yake, na wenzetu wa Marekani walishaanza kuitumia: angalia wanaoondolewa hospisi wakiwa hai. Wanaoondoka ndani ya siku 7 za mwanzo, pengine hawakuelezwa wanaingia wapi. Wanaoondolewa baada ya siku 180, pengine walipokelewa wakiwa hawajafikia hatua hiyo. Lakini anayenitia shaka kuliko wote ni yule anayeondolewa hospisi, analazwa hospitali siku chache, kisha anarudishwa hospisi au anafia hukohuko wodini. Mmoja anaweza kuwa bahati mbaya. Wakiwa wengi kwa mtoa huduma mmoja, kuna mtu anakwepa gharama za matibabu.

Afisa Ustawi

Mmelisahau dodoso lenyewe. Mfiwa ukimuuliza "uliridhika?" atasema ndiyo, kwa sababu yule muuguzi alimshika mkono. Shukrani ni ya kweli, ila haipimi kitu. Muulize yaliyotokea. Ulipiga simu usiku? Alipokea mtu aliyejua jina la mgonjwa na dawa zake, au ulianza kueleza upya? Alifika baada ya muda gani? Nani alikuonyesha, kwa mikono yake, jinsi ya kupima dawa kwenye bomba la sindano? Uliambiwa dalili za saa za mwisho kabla hazijatokea, au ulizigundua mwenyewe? Mtu anaweza kujibu "niliridhika sana" na maswali yote haya yakawa na majibu mabaya.

Halafu mfiwa anaulizwa wakati hakuna kinachoweza kurekebishwa. Kile kipimo cha Chama cha Huduma Shufaa (huduma ya kupunguza mateso ya mgonjwa) cha Afrika, APCA, kina maswali 10: saba kwa mgonjwa, matatu kwa familia, na yanaulizwa mgonjwa angali hai. Maumivu, dalili nyingine, wasiwasi, kama ameweza kumwambia mtu yaliyo moyoni, kama ana amani. Alama ikiwa mbaya leo, kesho unafanya kitu. Hospisi inayokitumia kila wiki na inayobadilisha mpango wa huduma kufuatana na majibu hainihitaji mimi kuipa nyota.

Na tuache kuhesabu "asilimia waliofia nyumbani" kana kwamba nyumbani daima ni ushindi. Wapo wanaobadili mawazo wiki ya mwisho kwa sababu anayewauguza amechoka, au pumzi inawatisha. Kinachopimwa ni kama mgonjwa aliulizwa, akaulizwa tena hali ilipobadilika, na mahali alipofia pakalingana na jibu lake la mwisho.

Mpita Njia

Mnabishania alama za maeneo yenye hospisi tano. Palipo na moja tu, ukiitangazia nyota mbili umemsaidia nani? Familia haina pa kwenda, wafadhili wanakimbia, wauguzi wanahama. Bora alama zibaki kwa anayetoa leseni, pamoja na uwezo wa kulazimisha marekebisho.

Sista wa Zamu

Mpita Njia, leseni hutolewa mara moja na kuhuishwa kwa makaratasi. Siri ikikaa kati ya mkaguzi na mkurugenzi, anayekosa kujua ni yule anayegeuzwa kitandani. Ila Hesabu nakukubalia kuhusu nyota. Zifutwe. Itangazwe namba ghafi: "Wagonjwa waliokuwa na maumivu ya 5 au zaidi walipopokelewa: 31. Walioshuka chini ya hapo ndani ya saa 48: 22." Msomaji anaiona 31 na anajua ni ndogo, na mtoa huduma ana nafasi ya kuandika chini yake kwa nini tisa hawakushuka. Zichukuliwe kutoka mafaili 10 kila robo mwaka, mkaguzi ndiye aokote mafaili kutoka rejista ya vifo. Wakikuletea wenyewe, utaletewa yale masafi.

Hesabu Haina Huruma

Namba ghafi naweza kuishi nazo, kwa sharti kwamba siku alizokaa kila mgonjwa ziandikwe pembeni. Aliyekaa siku moja asihesabiwe kwenye saa 48 zako, lakini asifutwe pia. Awe na mstari wake. Hao wa siku moja ndio wanaokuonyesha hospitali zinawaachilia wagonjwa wakiwa wamechelewa, na hilo si kosa la hospisi.

Mpita Njia

Sawa. Na familia ambayo hizo namba hazijatangazwa, ina simu moja ya kupiga leo, iulize nini?

Mfamasia Stoo Wazi

Ipige saa tatu usiku, si mchana. Isikilize kama anayepokea ni muuguzi au mlinzi. Iulize: mgonjwa akizidiwa sasa hivi, nani ana mamlaka ya kubadili dozi, na dawa inatoka wapi usiku huu? Jibu la kweli lina cheo cha mtu, mahali dawa ilipo na muda wa kufika. Likija "tutakupigia asubuhi", wapigie wengine kama wapo. Kama hawapo, dai boksi la tahadhari lenye maelekezo yaliyosainiwa kabla ya kukubali mgonjwa atolewe wodini.