Naomba ushauri: samaki mgeni anazidi kujaa Ziwa Kivu

Jambo ndugu na dada zangu. Niko Bukavu, familia yetu inaishi kwa uvuvi. Siku hizi nyavu za kando ya mawe zinatoka na yule samaki mwembamba wa Ziwa Tanganyika, dume lake lina vitone vya buluu vinavyong'aa ubavuni. Wataalamu wanamwita Lamprichthys. Huku Kivu aligunduliwa 2006. Anagombania na sambaza, dagaa wetu wa hapa, vijidudu vilevile vya majini. Ni kweli sambaza naye aliletwa, mwaka 1959, lakini ndiye anayetulisha. Wanaoniuma moyo zaidi ni samaki wa asili, wale wadogo wa kwenye mawe, ambao wengine hawapatikani ziwa lolote duniani isipokuwa hili.

Shida ni kwamba mgeni anataga ndani ya nyufa za mawe, wavu haufiki. Vijana wanataka kukokota chandarua cha mbu. Nimekataa kabisa, kitazoa na watoto wa samaki wetu. Kuna anayejua mtego, au ukubwa wa matundu ya wavu, unaomkamata huyu tu? Na ninyi mkimpata mnamkausha au mnamuuza mbichi? Akipata soko, wavuvi wenzangu watamfuata wenyewe.