Mwanaume akivua shati ni joto, mama akitoa titi ni ukosefu wa adabu? Imetosha!

Wadau, sitazunguka. Mwanaume anavua shati, analitupia begani, anakata mitaa tumbo wazi na hakuna anayegeuza shingo. Mama aliyekaa pembeni akitoa titi ampe mtoto anayelia, ghafla kila mpita njia ni mlinzi wa maadili. "Jisitiri!" "Si ungesubiri ufike nyumbani?" "Nenda chooni huko." Na wanaosema hivyo ni walewale waliopishana na yule mwenye tumbo wazi dakika moja iliyopita wakamsalimia.

Tuanze na hilo la "si ungesubiri". Kichanga hunyonya mara 8 hadi 12 ndani ya saa 24, na hanyonyi kwa ratiba ya watu wazima. Anaweza kukaa saa tatu, kisha akataka mara tatu mfululizo. Kilio ni dalili ya mwisho ya njaa. Kabla ya hapo ameshageuza kichwa huku na huku akitafuta, ameshafungua mdomo, ameshatia ngumi mdomoni. Akishafika kwenye kulia anakakamaa, ulimi unapanda juu, hawezi kushika titi mpaka atulizwe kwanza. Kwa hiyo mama anayejibanza akitafuta kona isiyo na macho anapoteza dakika zilezile ambazo mtoto angenyonya kwa utulivu.

Na mwili wa mama haujui kusubiri. Titi lisiponyonywa linajaa, linakuwa gumu, ngozi inavutika hadi inang'aa, chuchu inalala bapa na mtoto anateleza kila akijaribu kuishika. Mrija wa maziwa ukiziba unapapasa kibonge kinachouma. Kikiachwa, titi linakuwa jekundu, homa inapanda, na likifika kwenye jipu ni lazima usaha utolewe hospitali. Isitoshe, titi linalokaa limejaa hupunguza lenyewe utengenezaji wa maziwa. Halafu jamii hiyohiyo inamjia juu mama kwamba hakunyonyesha maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri. Mlimwacha anyonyeshe wapi?

"Basi ajifunike." Hapa wengi wanadhani wamesema la busara. Muulizeni mtu yeyote anayefundisha wazazi kunyonyesha. Mtoto aliyeshika vizuri ana dalili nne, na zote zinaonekana kwa macho: mdomo umefunguka sana, mdomo wa chini umebinuka kwa nje, kidevu kimegusa titi, na weusi unaozunguka chuchu unaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Mama anayejifunza, tena wiki za mwanzo, ukimtandika kitambaa juu ya kichwa cha mtoto unamwambia afanye kazi hiyo gizani. Mtoto anashika chuchu tupu, anaibana kwa fizi, chuchu inachubuka na kupasuka, maziwa yanatoka kidogo, mtoto hashibi, anarudi tena baada ya muda mfupi. Chini ya kitambaa kuna joto, mtoto anatoka jasho kwenye nywele, anakivuta kwa mkono na kukipiga teke mpaka kinaanguka, na hapo ndipo watu wanatazama zaidi kuliko mwanzo. Anayependa kujisitiri ana njia nzuri tu: fulana ya ndani ishushwe, blauzi ya juu ipandishwe, kichwa cha mtoto kinaziba kilichobaki. Lakini aichague mwenyewe. Aibu na hofu huchelewesha oksitosini, homoni inayosukuma maziwa yatoke, kwa hiyo mnapomkodolea macho mnamnyima mtoto chakula.

Chooni sijibu. Hakuna mtu mzima anayekwenda kula huko.

Wengine watakuja na "maumbile ni tofauti". Chuchu huanza kuota kwa kijusi kabla homoni za kiume hazijaanza kazi, ndiyo maana wanaume wote wanazo. Wanaume wana tishu za titi na huugua saratani ya titi, ingawa ni nadra. Kuna wanaume ambao vifua vyao vimejaa kuliko vya baadhi ya wanawake, na wanaogelea kifua wazi bila kuulizwa. Kwa hiyo kinachopimwa hapa si ukubwa, si umbo, wala si kiasi cha ngozi kilichoonekana. Ni jinsia ya mwenye ngozi. Mwaka 1992 Mahakama ya Rufaa ya jimbo la New York iliwafutia mashtaka wanawake waliokamatwa kwa kukaa vifua wazi kwenye bustani ya umma. Miaka imepita, na mitandao ya Meta (Facebook na Instagram) bado ilikuwa na kanuni inayokataza chuchu za wanawake na kuruhusu za wanaume, na Januari 2023 Bodi yake ya Usimamizi ikaishauri iibadilishe.

Na msidhani dai ni sitara tu. Julai 2021 timu ya wanawake ya Norwei ya mpira wa mikono wa ufukweni ilipigwa faini ya euro 1,500 kwa kuvaa kaptura. Kanuni iliwataka wavae bikini ambayo upana wake pembeni hauzidi sentimita 10. Wanaume? Kaptura, mradi iishie sentimita 10 juu ya goti. Kelele zilipozidi kanuni ikabadilishwa, na bado wanawake wakaandikiwa kaptura za kubana, wanaume zisizopwaya sana. Yaani anayenyonyesha anaambiwa afunike, anayecheza anaambiwa afunue, na yeye mwenyewe haulizwi popote.

Kisha kuna kukojoa. Mwanaume anasimama kwenye ukuta, anawapa watu mgongo, maisha yanaendelea. Mwanamke akichuchumaa nyuma ya gari kwa sababu hakuna choo, simu zinatolewa. Wajenzi wanagawa eneo sawa kwa pande zote mbili, lakini mikojoleo ya kusimama inaenea mingi kuliko vyumba vyenye milango, kwa hiyo foleni ni ya wanawake tu. Wanabana mkojo, na mrija wao wa mkojo ni wa sentimita 4 hivi, bakteria hawana safari ndefu kufika kwenye kibofu.

Wenye majengo, vyombo vya usafiri na ofisi za huduma, wekeni chumba cha kunyonyeshea chenye kiti cha kuegemea mgongo, meza ndogo, maji ya kunawa, na kisiwe na choo ndani. Lakini msimlazimishe mtu kuingia humo. Na mlinzi akitaka kumwondoa mama kwenye benchi, aoneshe kwanza kanuni iliyoandikwa, aisome kwa sauti akiweka neno "mtu" kila palipo na "mwanamke", kisha aanze na wenye matumbo wazi.