Kuingiza mamia ya kanda za bakapu: muda wa kuhifadhi uhesabiwe tangu lini?

Mtunza_Kanda
Wakuu, habari za kazi. Tumekabidhiwa mamia ya kanda za sumaku za LTO-5 na LTO-6 (vizazi viwili vya kanda za kuhifadhia data) kutoka idara iliyounganishwa na yetu. Ziliandikwa kwa NetBackup (programu ya bakapu), nasi tunatumia NetBackup, lakini seva yao ilishazimwa na katalogi, yaani orodha ya nakala zilizomo kwenye kila kanda, haipo tena. Kinachoniumiza kichwa ni muda wa kuhifadhi. Nakala ikiingizwa, yaani ikisomwa toka kwenye kanda na kuandikishwa katika katalogi yetu, programu huanza kuhesabu siku ile ya kuingizwa, si siku nakala ilipochukuliwa. Nakala ya 2016 iliyopangiwa mwaka mmoja inapata mwaka mwingine mzima.

Naona njia tatu: kuacha zihesabiwe hivyohivyo, kuingiza zote halafu kurekebisha tarehe, au kuziacha stoo na kuingiza ile tu inayoombwa. Mngefanya ipi?

Bi_Katalogi
Ya kwanza iondoe kabisa, na si kwa sababu ya mwaka wa ziada tu. Nakala haibebi idadi ya siku, inabeba namba ya ngazi ya muda wa kuhifadhi, na kila seva ina jedwali lake la kusema ngazi hiyo ni muda gani. Kwa mpangilio wa kiwandani ngazi ya 3 ni mwezi mmoja, ya 7 ni miezi 9, ya 8 ni mwaka, ya 9 haina kikomo. Wengi hubadilisha. Tuseme wale wenzenu waliifanya ngazi ya 7 kuwa miaka saba kwa ajili ya hesabu za fedha, na kwenu imebaki miezi 9. Ukiingiza leo, miezi 9 ikipita nakala zinakufa, kanda inarudi kwenye kundi la kanda tupu, na usiku wowote kazi nyingine inaandika juu yake. Hapo hakuna wa kukuokoa.

Tafuta kwanza jedwali lao la ngazi, hata kama limebaki kwenye karatasi. Kisha fuata njia ya pili: ingiza, halafu tumia bpexpdate (amri ya NetBackup ya kubadili tarehe ya mwisho) na chaguo la -recalculate pamoja na -ret, linalotaja ngazi. Amri hiyo huhesabu tangu siku nakala ilipochukuliwa, ndicho unachotaka. Ila ujue, tarehe ikiangukia nyuma ya leo, nakala inaisha muda papo hapo. Toa orodha, ipitiwe na watu wawili, ndipo uendeshe skripti.

Fundi_Roboti
Dada hapo juu yuko sahihi kuhusu ngazi, lakini hesabu ya muda wa draivu, yaani mashine za kusomea kanda, hajaigusa. LTO-6 ina TB 2.5 na husoma MB 160 kwa sekunde bila mgandamizo, yaani zaidi ya saa nne kuisoma kanda moja iliyojaa mwanzo hadi mwisho. LTO-5 ni kama saa tatu. Hatua ya kwanza ya kuingiza inatambua nakala zilizomo. Ya pili inajenga upya orodha ya mafaili, na hiyo ndiyo inayokula siku. Zidisha kwa mamia, huku draivu hizohizo zinasubiriwa na bakapu za kila usiku.

Halafu angalia draivu zenyewe. LTO-7 inasoma LTO-5 na 6. LTO-8 haisomi yoyote kati ya hizo mbili.

Mimi ningechagua ya tatu: ingiza inayoombwa. Kumbuka tu kwamba nakala iliyovuka kanda moja kwenda nyingine inahitaji kanda zake zote zipite hatua ya kwanza kabla ya kuanza ya pili.

Bi_Katalogi
Ndugu Fundi, kanda isiyo kwenye katalogi haina tarehe ya mwisho. Itakaa stoo na taarifa za watu zilizopaswa kufutwa zamani, na hakuna mfumo utakaomkumbusha mtu. Uhifadhi uliopitiliza nao ni kosa.

Kumbukumbu_Hai
Nasimamia kumbukumbu, si seva. Kabla ya amri yoyote, waulize wanasheria kama kuna shauri linalozuia kufuta. Nakala hizo zitenganishwe kwanza. Miaka mingapi iwekwe kwa zilizobaki aamue mwenye data, kwa maandishi. Msiachiwe nyinyi mafundi mzigo huo.

Pipa_la_Data
Kwa wanaotumia Bacula (programu nyingine ya bakapu) hatari iko upande wa pili. Muda wa kanda huhesabiwa tangu ilipoandikwa mara ya mwisho, kwa hiyo kanda ya zamani uliyoirudisha kwenye katalogi kwa bscan (zana yake ya kusoma kanda) inaweza kuwa imeshapitwa na wakati tangu dakika ya kwanza. Hakikisha muda na hali ya kanda kabla ya kuruhusu kazi nyingine yoyote.

Mtunza_Kanda
Asanteni sana. Nitaanza hatua ya kwanza kwa zote, hatua ya pili kwa fungu la fedha pekee, na mengine yafuate wenye data wakishajibu. Swali moja: kati ya kuingiza na kurekebisha tarehe, nizilinde vipi? Nisimamishe kanda au nizigandishe?

Bi_Katalogi
Gandisha, bpmedia -freeze. Kanda iliyosimamishwa hurudi kundini nakala zake zikiisha muda. Iliyogandishwa hairudi mpaka uifungue mwenyewe. Na kabla haijaingia kwenye maktaba ya kanda (mashine ya roboti inayozipachika kwenye draivu), telezesha kile kitufe cha kuzuia kuandika kwenye kasha lake. Kuingiza ni kusoma tu, hakitakusumbua.